Kinywa, Popoo na Daftari la Mwili
(Hotuba iliyosomwa na Katibu katika mkutano wa sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Umoja wetu)



Walionitangulia kusimama hapa wamekwisha kueleza habari za bei ya kopra, za mizani mpya na za deni la lori, nao wamezieleza vizuri kunishinda mimi ninayeziandika daftarini kila siku. Kwa hiyo nilimwomba Bwana Mwenyekiti aniachie nusu saa yangu niitumie kwa jambo lingine, naye baada ya kufikiri siku mbili akakubali. Jambo lenyewe ni saratani ya kinywa: jinsi inavyoanza katika nyama ya mwili, na mambo yanayoifanya ianze.

Najua wako watakaonong'onezana, "Katibu huyu amekuwa tabibu tangu lini?" Mimi si tabibu. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na biolojia niliyofundishwa ilikuwa zaidi ya maua na vyura. Lakini kwa muda wa miaka mitatu nimesoma nilichoweza kukipata, nimewauliza wanaojua, na karatasi hii ninayoisoma imepita kwanza mikononi mwa tabibu mmoja wa meno, ambaye alinifutia mistari kadhaa kwa wino mwekundu. Basi makosa yaliyobaki ni yangu.

Yafaa niseme kwanza kilichonipeleka katika masomo hayo. Mimi nililelewa na shangazi yangu. Ada yangu ya shule ilitoka katika minazi yake, nazi kwa nazi, na wengi wenu mlimjua kwa kuwa alikuwa mwanachama tangu siku ile tulipoandikisha chama chetu cha msingi. Shangazi alikuwa mtu wa uraibu. Kijaluba chake hakikumtoka kiunoni: mna jani la tambuu, mna popoo zilizokatwakatwa, mna chokaa, katu, na tumbaku kidogo. Alianza kutafuna alipoolewa, naye alitafuna miaka 40.

Katika miaka yake ya mwisho tuliona kwamba kinywa chake hakifunguki sawasawa. Hapo kwanza alikuwa akicheka nalo. Alisema uzee umembana mpaka taya. Baadaye pilipili ikawa inamuunguza hata ikiwa chembe moja, kisha tonge la wali likawa halipiti ila kwa kijiko cha chai. Majirani walisema amefungwa mdomo na watu wabaya, na fedha nyingine ikaenda kwa mafundi wa kufungua. Kisha likatokea donda upande wa ndani wa shavu. Alikwenda kwenye zahanati moja, akang'olewa jino. Donda halikupona. Alikwenda tena, akapewa dawa ya kusukutua, na mara ya tatu akapewa vidonge. Ilipita miezi saba kabla mtu yeyote hajakata kipande kidogo cha nyama ile na kukitazama kwa hadubini. Ilipojulikana kuwa ni saratani, ilikuwa imekwisha kushuka shingoni. Alipelekwa Dar es Salaam kupigwa mionzi, akarudi amekonda. Tulimzika mwanzo wa kaskazi.

Katika habari hiyo iko sehemu yangu, nami sitaificha. Kila mwisho wa mwezi, nilipopokea mshahara wangu wa Ushirika, nilimchukulia shangazi fungu la popoo na tambuu mbichi. Nilikuwa nikijiona mtoto mwema. Hata alipokuwa hawezi kufungua kinywa zaidi ya vidole viwili, nilimpelekea, naye alizitwanga katika kinu kidogo ili ziweze kupita.

Sasa na tutazame ndani ya kinywa. Ngozi ile laini inayofunika shavu kwa ndani, ufizi, ulimi na sakafu ya kinywa imejengwa kwa seli nyingi mno, zilizopangwa tabaka juu ya tabaka kama makuti. Za juu huchubuka na kumezwa pamoja na chakula, na za chini hujigawa ili kuziba nafasi, hata katika muda wa majuma mawili hivi ngozi ile huwa imekwisha kubadilika yote. Hakuna paa la makuti ninalolijua linaloezekwa upya kila majuma mawili! Huko kujigawa bila kuchoka ndiko kunakotuponya upesi tunapojiuma ulimi, na ndiko pia kunakofungua mlango wa saratani.

Kila seli ina daftari lake la urithi, ambalo mna maagizo yote ya kazi yake. Maagizo hayo wataalamu huyaita jeni. Seli inapojigawa hapana budi daftari lote linakiliwe, ili kila mtoto apate lake. Ninyi makarani mliomo humu mwajua kunakili ni kazi gani. Mtu hodari akinakili kurasa elfu moja, iko tarakimu itakayokosewa. Mwili umeliona jambo hilo zamani kabla yetu, ukajiwekea wakaguzi wa hesabu. Mmoja wao mashuhuri ni jeni iitwayo p53. Kosa likionekana, mkaguzi huyo husimamisha unakili mpaka lisahihishwe, na likiwa halisahihishiki huiamuru seli ile ijiue yenyewe, isije ikarithisha hesabu mbovu. Mkaguzi mwenyewe akiharibika, mambo huwa kama yalivyo katika chama kisichokaguliwa. Kosa la leo hujengewa juu yake kosa la kesho. Seli hujigawa bila kuamriwa, husahau kufa, hujifungulia mishipa yake ya damu, mwisho huvunja ukuta na kuhamia shingoni na kwingineko. Katika saratani nyingi za kinywa p53 hukutwa imeharibika.

Jambo la kushika hapa ni kwamba hilo halitokei kwa kosa moja, wala kwa siku moja. Hutaka makosa kadhaa yaliyolimbikizana, na kwa watu wengi huchukua miaka mingi. Ndiyo sababu ugonjwa huu aghalabu hutokea baada ya umri wa miaka 40, na ndiyo sababu mtu aliyetafuna tangu ujana hunijibu, "Mbona mimi sijapata?" Wala ugonjwa huu hauambukizi kwa kula sahani moja na mgonjwa. Shangazi yangu alitengewa kikombe chake na watu waliomhofu, na jambo hilo lilimuuma kuliko donda.

Ni nini basi kinachoharibu daftari? Nitaanza na popoo, kwa kuwa ni yetu.

Uraibu ni mgeni wa zamani sana katika pwani hii. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliletewa sahani ya tambuu na popoo kwa heshima ya mgeni, naye akaiandika habari hiyo katika safari zake. Tangu hapo, na bila shaka tangu kabla yake, jahazi za msimu zimekuwa zikiileta desturi hiyo kutoka ng'ambo. Mipopoo ikapandwa huku, na sinia la tambuu likawa katika harusi, katika posa, na, kama mnavyojua, katika mikutano yetu ya mwaka.

Mwaka 1952 daktari aitwaye Schwartz alieleza habari za wanawake watano wenye asili ya Kihindi waliokaa Kenya. Vinywa vyao vilikuwa vimekakamaa, ngozi ya ndani imekuwa nyeupe na ngumu, hata hawakuweza kuvifungua sawasawa. Aliupa ugonjwa huo jina la Kilatini ambalo ndani yake mna neno la kusema kwamba chanzo chake hakijulikani. Mwaka uliofuata tabibu mmoja wa Bombay, Joshi, akaeleza ugonjwa ule ule kwa wagonjwa wa India. Niliposoma habari hiyo nilinyamaza muda mrefu. Jambo lililokuwa likisemwa na majirani zangu kuwa ni kufungwa na wachawi lilikuwa limekwisha kuandikwa na madaktari, tena katika nchi iliyo jirani yetu, zaidi ya miaka 60 kabla ya shangazi kuugua.

Chanzo kile kisichojulikana sasa chajulikana: ni popoo. Ndani ya popoo mna dawa iitwayo arekolini, na hiyo ndiyo impayo mtafunaji ule uchangamfu na jasho jembamba. Arekolini huzishtua seli zinazofuma nyuzi chini ya ngozi ya kinywa, zikafuma kupita kiasi. Tena popoo ina madini ya shaba kwa wingi kuliko kokwa nyingine, na shaba hukipa nguvu kimeng'enya kinachozifunga nyuzi hizo zisiweze kuyeyushwa. Basi nyuzi zinazidi kufumwa, na zilizofumwa haziondoki. Shavu hugeuka kuwa kama kamba ya katani iliyosokotwa. Sisi watu wa Tanga hatuhitaji kuelezwa ugumu wa kamba ya katani.

Chokaa nayo ina kazi yake. Ikichanganyika na popoo katika mate, huzalisha oksijeni ya namna kali, isiyo ile tunayoivuta, nayo huunguza maandishi ya jeni. Wakati huo huo nyuzi za popoo hukwaruza shavu, zile seli za chini hulazimika kujigawa upesi zaidi kuziba michubuko, na karani anayeharakishwa ndiye anayekosea. Na arekolini yenyewe, ikikaa katika mate, hugeuka kuwa sumu za jamii ya naitrosamini, ambazo hujipachika juu ya jeni kama tone la wino juu ya tarakimu.

Je, kila kinywa kilichokakamaa huishia katika saratani? La. Huko Kerala, kusini mwa India, wagonjwa 66 wa namna hiyo walifuatwa kwa miaka 17, na habari zao zikatangazwa mwaka 1985. Watano kati yao walipata saratani. Wengine watasema watano si wengi. Mimi nasema ghala lenye magunia 66 likipoteza matano, Bwana Mkaguzi hataniacha nilale.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa lawama yote ni ya tumbaku inayotiwa ndani ya tambuu, na kwamba atafunaye bila tumbaku yu salama. Hata wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, walipokutana mwaka 1985 walihukumu uraibu wenye tumbaku tu, kwa sababu ushahidi juu ya ule mwingine haukutosha. Walipokutana tena mwaka 2003 ushahidi ulikuwa umejaa, hasa kutoka Taiwan, ambako watu hutafuna popoo bila tumbaku. Wakahukumu kwamba uraibu usio na tumbaku nao huleta saratani kwa binadamu, na popoo peke yake ikatiwa katika daraja hilo hilo la juu. Jani la tambuu likiwa peke yake halikuhukumiwa. Nalisema hilo kwa haki, maana wako wanachama wetu wenye mitambuu.

Juu ya tumbaku sitakaa sana kwa kuwa habari zake zimekwisha kusemwa kila mahali. Ya kuvuta ina sumu zaidi ya 60 zijulikanazo kwa kuleta saratani. Ugoro na kuberi havina moshi, lakini vina naitrosamini zile zile, na hukaa mahali pamoja, kati ya mdomo na ufizi, saa kwa saa. Mahali hapo ndipo donda hupenda kuanzia. Vijana wetu wa bandarini na wa machungwa huambiwa kuwa kuberi ni nyepesi kuliko sigara. Sijui mwenye kusema hivyo ameipima kwa mizani gani.

Pombe nayo, iwe tembo la mnazi, bia au gongo, hugeuzwa mwilini kuwa kitu kiitwacho asetaldehaidi, chenye kuharibu jeni, na bakteria wa kinywani huanza kazi hiyo hata kabla pombe haijamezwa. Kinywa kichafu huwa na bakteria wengi zaidi. Tena pombe hulainisha ngozi ya kinywa, sumu za tumbaku zikapita kwa urahisi. Kwa hiyo mtu anywaye na kuvuta, hatari zake mbili hazijumlishwi bali huzidishwa, kama riba juu ya riba.

Viko pia vijidudu vidogo mno viitwavyo virusi, na hapa nchi zetu za Afrika Mashariki zina historia ambayo ingefaa watoto wetu wafundishwe. Mwaka 1957 daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya pande zote mbili, juu na chini. Halikuwa jipu la meno. Baada ya muda mfupi aliona mtoto mwingine mwenye hali kama hiyo, akaanza kupeleleza. Mwezi wa Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru wa Tanganyika, aliondoka Kampala na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari kuukuu. Walisafiri maili kama 10,000 kwa muda wa majuma 10, wakashuka mpaka kusini ya Afrika, wakisimama kila hospitali kuuliza kama watoto wa namna ile waonekana. Walipochora ramani yao waliona kwamba ugonjwa hukaa penye joto na mvua, na huikimbia milima na ukavu. Ilikuwa ni kama wamechora ramani ya malaria.

Vipande vya uvimbe huo vilikuwa vikipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walikuta ndani yake virusi visivyojulikana mpaka wakati huo. Baadaye ilifahamika kwamba karibu watu wote huambukizwa virusi hivyo, wengi wakiwa wadogo, bila kudhurika. Lakini mtoto anayeshikwa na malaria tena na tena, askari wa damu yake huchoka, na zile seli zenye virusi huzaana bila kuzuiwa, mpaka jeni moja ihame mahali pake na mambo yaharibike. Sote tuliolelewa bondeni, Muheza na kandokando yake, twajua malaria ni mgeni wa namna gani. Basi mama unayemtia mtoto katika chandarua, fahamu kwamba huenda unamkinga na zaidi ya homa. Na mtoto akivimba taya, meno yakalegea ghafula, asikae nyumbani akipakwa dawa, maana uvimbe huo huzidi siku kwa siku. Lakini pia husikia dawa za hospitali upesi kuliko saratani nyingi, na watoto wengi waliowahi wamepona.

Virusi vingine huitwa HPV. Vile vya namba 16 hushika nyuma ya kinywa, kwenye mafindofindo na shina la ulimi. Huwa na protini mbili za hila, moja ya kumvunja mkaguzi p53 niliyemtaja, na nyingine ya kumfunga mkono mwenzake. Virusi hivyo ndivyo viletavyo saratani ya mlango wa kizazi kwa wanawake walio wengi, na tangu mwaka 2018 wasichana wa Tanzania nzima wamekuwa wakichanjwa dhidi yake. Wazazi waliowaficha binti zao siku ya chanjo kwa sababu ya maneno ya barazani, naomba tuonane baada ya mkutano.

Kwa dunia nzima, hesabu ya mwaka 2022 ilikuwa watu zaidi ya 380,000 walioonekana na saratani ya midomo na kinywa katika mwaka huo mmoja, na waliokufa nayo walikuwa kama 188,000. Hizo ni hesabu za wale walioonekana. Aliyezikwa kijijini kwa jina la donda ndugu hamo.

Sasa nawaomba tufanye jambo dogo, na wageni waheshimiwa wa meza kuu wasione haya. Chukua vidole vyako vitatu, shahada, cha kati na cha pete, uvisimamishe kimoja juu ya kingine, ujaribu kuviingiza kati ya meno yako ya mbele ya juu na ya chini. Vikiingia, kinywa chako chafunguka sawasawa. Vikiingia viwili tu, usicheke kama alivyocheka shangazi. Dalili nyingine ni hizi: donda lisilopona kwa majuma mawili, hata kama haliumi, maana mwanzoni mara nyingi haliumi, utando mweupe usiofutika kwa kidole, wekundu kama wa mahameli, ambao ni wa kuogopwa kuliko weupe, uvimbe, ganzi ya mdomo, jino kulegea bila sababu, tezi shingoni. Mtu akiona mojawapo aende akaonekane na tabibu wa meno. Akipewa dawa na majuma mawili mengine yakapita bila kupona, aombe kwa adabu, lakini aombe, kwamba kipande kikatwe kikapimwe. Sisi hatukujua kuwa lilikuwa jambo la kuombwa.

Likionekana lingali dogo hukatwa, na wengi hupona. Na anayeacha uraibu kabla ya donda, hatari yake hupungua kadiri miaka ipitavyo. Utando mweupe huweza hata kuondoka wenyewe. Kinywa kilichokwisha kukakamaa hakirudi kuwa kama zamani, ila kuacha huzuia kisizidi, na mazoezi ya kukifungua husaidia.

Nimekuja katika sehemu ngumu. Katika daftari letu la mazao madogo, popoo zina ukurasa wake, nami ndiye niujazaye. Haupati hata robo ya ukurasa wa machungwa, lakini ziko nyumba katika Umoja huu ambazo sare za shule hutoka kwenye mipopoo miwili mitatu ya uani. Juma lililopita mjumbe mmoja, mzee wangu ninayemheshimu, alinishika bega akaniambia, "Mwanangu, usitutilie kitumbua chetu mchanga." Sikulala vizuri usiku ule. Ada yangu mimi ililipwa kwa nazi, na sina haki ya kumdharau yule ambaye ada ya mwanawe yalipwa kwa popoo.

Kwa hiyo sisemi mipopoo ikatwe kesho. Nayaomba mambo matatu, na Bwana Mwenyekiti amekubali yaingie katika ajenda ya Halmashauri. Kwanza, Umoja usitoe tena miche wala mkopo kwa ajili ya mipopoo mipya, na mwenye kutaka kugeukia iliki, pilipili manga au michungwa asaidiwe mbele ya wengine. La pili, duka la Ushirika liache kuuza kuberi, ugoro na sigara. Nimetazama hesabu ya duka: faida yake ni ndogo kuliko ile tunayoipoteza kwa sukari inayomwagika. La tatu linanihusu mimi, kwa kuwa sinia la mikutano liko chini ya ofisi yangu. Mmeona leo mlangoni kwamba tumeweka kahawa, tende na kashata, na baadhi yenu mmeniuliza tambuu ziko wapi. Sikusahau.

Najua wako watakaopinga hilo la kwanza, nao wana hoja. Iko hoja kwamba tukiacha sisi watanunua kwingine, na mnunuzi wa mjini hatakosa popoo hata siku moja. Ni kweli. Nimeitafutia jibu hoja hiyo tangu mwezi uliopita, na jibu nililolipata ni dogo: kwamba nitaweza kuujaza ukurasa ule bila kumwona shangazi akitwanga. Wajumbe wataamua kwa kura, nami nitaandika watakavyoamua.

Tabibu wa meno niliyemtaja amefika tangu saa mbili asubuhi. Amekaa katika baraza ya ghala la kopra, upande wa kivuli, pamoja na tochi na vijiti vyake. Leo hang'oi jino la mtu, wala halipwi. Wazee watangulie, kisha mama zetu, kisha sisi wengine. Lakini wale ambao vidole vyao vimeingia viwili tu wasingoje zamu wala chakula. Watoke sasa hivi kwa mlango huu wa nyuma, nami nitakwenda pamoja nao.